Matenga ya nyanya harusini? Mama mkwe kanuna

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni bibi harusi mtarajiwa, naishi Tabata. Harusi yetu ni Jumamosi moja ya Agosti, kwenye bustani ya wazi karibu na bahari, Mbezi Beach, wageni 200. Nimependa yale mapambo ya mbaombao ninayoyaona kwenye simu: masanduku, magunia, chupa zenye maua. Mchumba wangu hana neno. Ila mama yake nilipomwonyesha picha aliuliza, "Hapa tunakwenda harusini au sokoni Ilala?" Tangu siku hiyo hajanipigia. Niyaache? Na kama siyaachi, nayapata wapi na nayaandaaje?
Mwali wa Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mama mkwe, maana mbao ni kazi ya siku mbili tatu, yeye utaishi naye.

Huko picha zako zilikotoka, sanduku lile lilibebea matufaha au mvinyo, na sherehe ilifanyika kwenye ghala la majani ya ng'ombe. Mgeni wa kule akiliona anakumbuka shamba la babu yake. Mgeni wako wewe akiliona anakumbuka Ilala alfajiri, tope, na mbeba mizigo anayemfokea apishe njia. Na huyo mgeni amechanga! Kachukua kadi ya double, kamati imemkumbusha mara nne, halafu anaingia anakutana na tenga. Mama mkwe haogopi mbao. Anaogopa ndugu zake waulize hela ya michango imekwenda wapi, na wakiuliza watamwuliza yeye, si wewe.

Kwa hiyo usiyaache, ila ujue pa kuyaweka. Meza kuu na meza za wazazi hazipandi tenga hata moja. Pale tandika kitambaa kizito kinachofika chini, weka waridi, weka glasi zilizofutwa zikafutika. Matenga yakae mlangoni, kando ya njia, chini ya mti. Kwa wageni 200, ishirini yanatosha. Niliwahi kukabidhiwa 60 na binti mmoja ambaye hakutaka kusikia la mtu. Bustani ikawa kama bohari inayosubiri lori.

Na yabebe kitu cha maana. Tenga tupu lenye chupa moja na ua moja ndilo linalosema "tumeishiwa". Mlangoni panga matatu, uyajaze madafu, kijana asimame na panga lake amkatie kila anayeingia. Mengine mawili yajaze khanga zilizokunjwa vizuri kwa ajili ya mama zetu, kwa sababu Agosti upepo wa kusi unavuma na jioni pale ufukweni mabega yanataka kufunikwa. Sasa hizo khanga, usinunue wewe. Mpigie mama mkwe, mwambie, "Mama, naomba unichagulie jina la khanga za wageni wetu." Nenda naye Kariakoo, mtaa wa Uhuru, umbebee mfuko. (Akichagua jina la mafumbo, niandikie tena.)

Kuhusu kuyapata: sokoni ukisema "kreti" watakuletea ya plastiki ya soda. Sema matenga ya mbao, yale ya nyanya. Nenda Ilala au Mabibo asubuhi mizigo ikishashushwa, uulize kwa adabu, kwa sababu mengi yana mwenyewe na yanarudi shamba kubeba tena. Wakikataa usilazimishe. Fundi seremala wa Keko atakutengenezea kwa mabanzi ya paini, tena yatatoka ya kipimo kimoja. Mimi hupenda kuchanganya: machache ya kweli yenye makovu, mengi ya fundi.

Ya sokoni ndiyo yenye kazi. Mwaka mmoja niliyapeleka kwenye kitchen party kama yalivyotoka, nimeyapangusa tu kwa kitambaa. Taa zilipozimwa ili mwali aingie, mende wakatoka kwenye maungio. Sijawahi kuona akina mama wamepanda juu ya viti kwa umoja namna ile. Tangu hapo kila tenga langu linamwagiwa maji ya moto, linasuguliwa kwa sabuni na brashi ngumu, linaanikwa juani siku mbili likigeuzwa. Kisha msasa, namba 80 halafu 120, na usipige kwa macho tu: pitisha kiganja taratibu kila upande. Msumari uliochomoza gongomea ndani au ung'oe. Shela na nguo ya lesi vikinasa hapo, havitoki bila kuchanika, na fundi cherehani hayupo ukumbini.

Mbao mpya za fundi zitakuwa nyeupe mno kando ya zile kongwe. Chukua waya laini wa kusugulia masufuria, ule unaoshika kutu, uloweke kwenye siki kwa siku moja au mbili, kifuniko ukiache wazi kidogo maana hutoa gesi. Paka mbao chai ya rangi nzito, iache ikauke, ndipo upake siki yako. Mbao itageuka kijivu mbele ya macho yako, kama imekaa mvuani miaka. Jaribu kwanza kwenye kipande, kwa sababu mbao hazifanani.

Huo upepo niliousema una mambo mengine mawili. Usipange matenga zaidi ya mawili kwenda juu bila kuyafunga kwa waya, na la chini liwe na tofali ndani. Watoto watapanda, hilo usiwe na shaka nalo. Na mishumaa isahau. Gunia, mbao kavu, moto na upepo wa bahari! Tumia vitaa vya betri ndani ya chupa. Mwezi huo jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo viwashwe kabla MC hajaanza kuita kamati moja moja.

Maua ni juu yako. Ila ukipata asumini, tunga vikuba uwape mama zako wawili wavae. Mapambo gani mengine yananukia?

SWALI: Nina paleti, zile fremu za mbao za kupangia mizigo, ninazotaka kutengenezea meza za kokteli kwenye harusi ya mdogo wangu. Rafiki anasema zina sumu. Kweli?
Kaka wa Temeke

JIBU: Zitazame pembeni, kuna mhuri uliochomwa. Ukiona HT, mbao ilipashwa joto hadi nyuzi 56 katikati yake kwa dakika 30 ili kuua wadudu, hiyo chukua. Ukiona MB, ilifukizwa dawa iitwayo methili bromidi. Hiyo usiifanyie meza, usiipige msasa, wala usiwape wapishi waikokee ndafu. Isiyo na mhuri wowote, au yenye doa la mafuta na harufu kali, iache hapo hapo ulipoikuta, hata kama ni ya bure.