Tuanze Uchambuzi wa Hatari na Sehemu Ipi?

SWALI: Mhariri, mimi ni afisa wa usalama katika kiwanda cha kutengeneza spiriti kutokana na molasi hapa Kisumu. Tuna timu moja tu ya kuchambua hatari, na meneja ametuagiza tuanze na ghala la magunia kwa kuwa ndiko watu huumia mara nyingi. Je, amepanga vyema?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, hapana. Daftari la ajali linaonyesha mahali watu walipokwisha kuumia, wala halionyeshi mahali ambapo wengi wanaweza kufa kwa mkupuo. Kuteleza ghalani kurekebishwe na msimamizi wa zamu wiki hii hii, bila kuingojea timu yenu.

Kanuni ya Marekani ya mwaka 1992 kuhusu kemikali hatari sana humtaka mwajiri kupanga uchambuzi kwa kuzingatia ukubwa wa hatari, idadi ya wafanyakazi wanaoweza kudhurika, umri wa mtambo na historia ya uendeshaji wake. Haiwabani ninyi, lakini vigezo vyake vinafaa. Kwa kuvifuata, ningeanza na mnara wa kukeneka spiriti pamoja na matangi ya kuihifadhi, kwa sababu ethanoli safi, yaani spiriti yenyewe, hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia takriban nyuzi 13 za Selsiasi, na Kisumu huwa na joto kuliko hapo hata alfajiri. Zifuate tangi za kuchachushia, ambamo dioksidi kaboni, iliyo nzito kuliko hewa, hutuama chini na kumwangusha anayeingia kusafisha, kisha mwenzake anayekimbilia kumwokoa. Boila, ambalo lina ukaguzi wake wa kisheria, lishike nafasi ya tatu.

Hata hivyo, sehemu yoyote iliyobadilishwa karibuni iruke foleni na kuchambuliwa kwanza. Katika kiwanda cha kemikali kule Flixborough, Uingereza, mwaka 1974, bomba la muda lililowekwa bila uchunguzi wa kutosha wa kihandisi lilipasuka, na watu 28 wakafa.

Ukaguzi wa kila miezi 12 unaotakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 hautoshi kuwa badala ya kazi hii, ingawa mameneja wengi hupenda kuamini hivyo. Mwombe wako auandike mpangilio anaoutaka pamoja na sababu zake, kisha autie sahihi.