Hazy IPA yenye ukungu na harufu ya embe: imeharibika, au wametia juisi?

Mkuu uliyenunua kopo la hazy IPA (bia ya ukungu yenye harufu kali ya maua ya hopsi) kule Masaki, ukamimina ukakuta bia ina ukungu na inanukia embe, kisha ukauliza kama imeharibika au wameichanganya na juisi: juisi hakuna. Kuharibika inawezekana, lakini ukungu siyo dalili yake.

Mimi ni Mchagga, mbege, pombe yetu ya ndizi, nimeijua kabla sijaijua bia ya chupa, kwa hiyo kinywaji kisichoangaza hakinitishi. Tumezoeshwa na Kilimanjaro na Safari kwamba bia ni lazima uone hadi upande wa pili wa glasi. Hizi za ukungu zilipata jina Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na inayotajwa sana ni Heady Topper ya kiwanda cha The Alchemist, iliyoanza kuwekwa kwenye makopo mwaka 2011. Mwaka 2018 chama cha watengenezaji bia wa Marekani, Brewers Association, kikazipa kundi lake rasmi. Ukungu unatokana na oti na ngano wanazochanganya na kimea cha shayiri: protini zake zinashikana na polifenoli, viambata vya asili vilivyomo kwenye hopsi, zinaelea, na hakuna anayehangaika kuzichuja. Ndiyo maana mdomoni inakuwa laini na nzito kidogo kuliko lager, yaani bia za kawaida kama Kilimanjaro.

Sasa embe. Hilo ni kazi ya hopsi, maua ya mmea unaopanda kwenye kamba, hasa aina kama Citra, Mosaic na Galaxy ya Australia. Ndani yake kuna mafuta yanayoitwa mirsini, ambayo yamo pia kwenye embe, na kuna viambata vya salfa, thioli, ambavyo baadhi yake ndivyo vinavyoipa pasheni harufu yake. Kwa hiyo pua yako haikukudanganya. Ukichemsha hopsi muda mrefu unapata uchungu, na mafuta ya harufu yanaondoka na mvuke. Kwenye hazy sehemu kubwa ya hopsi inatiwa baada ya moto kuzimwa, halafu nyingine inatiwa kwenye tangi wakati hamira bado inafanya kazi au imemaliza. Uchungu unabaki mdogo, harufu inabaki yote. (Wazee wetu wanatia gome la msesewe kwenye mbege ili ipate uchungu. Wazungu wana hopsi, sisi tuna msesewe, nami bado nasubiri mtu wa Dar ajaribu kuvikutanisha kwenye tangi moja.)

Kuionja: usiinywe ya baridi ile ya kuumiza meno. Najua hapa Dar mhudumu akiuliza "baridi au moto?" wengi wetu tunataka iliyoanza kuganda, lakini baridi kali inafunga harufu, na hii bia harufu ndiyo uliyoilipia. Nyuzi 7 hadi 10 zinatosha. Itoe kwenye friji, iache mezani dakika chache, joto la jiji litamaliza kazi. Mimina yote kwenye glasi, ya mvinyo ikiwepo ni bora zaidi kwa sababu mdomo wake umebana. Nusa kabla hujanywa. Ninayoipenda mimi inaanza na embe dodo lililoiva, inakuja nanasi, nyuma kabisa ganda la chungwa na ubichi fulani wa majani. Uchungu unafika mwishoni, kwenye mzizi wa ulimi, na hauchelewi kuondoka. Ikikukwangua koo kama umemeza vumbi, hopsi zimezidi na hazijatulia. Hilo ni kosa la mtengenezaji, usijilazimishe kulisifu. Na zipo nyingine tamu mpaka zinachosha, kopo la pili halimaliziki.

Adui mkubwa wa bia hii hapa mjini ni muda na joto. Hewa ikiingia wakati wa kujaza, au kopo likikaa miezi kwenye rafu ya dukani bila friji, matunda yanapotea, rangi inatoka kwenye manjano inakwenda kwenye kahawia au kijivu, na inabaki harufu ya boksi lililolowa. Hiyo ndiyo iliyoharibika. Haitakuua, ila hela yako imekwenda, maana bei ya kopo moja la kutoka nje unakunywa Safari kadhaa. Mimi naangalia tarehe chini ya kopo kabla ya kuangalia jina: nikiona imepita miezi mitatu tangu ijazwe, narudisha. Nikiikuta nje ya friji, narudisha hata kama ni mpya. Ukipata baa ya Msasani au kiwanda kidogo kinachomimina yake moja kwa moja kutoka kwenye tangi, anza hapo, hata kama jina halivumi.

Nyingi zina kilevi cha asilimia 6 hadi 7, wakati Kilimanjaro ni 4.5, na ule ulaini unaficha. Ukiwa na gari, liache, chukua bajaji. Cha kula nayo, mimi nachagua kuku au pweza wa kuchoma mwenye ndimu. Pilipili kali nazikwepa, kilevi na uchungu vinazidisha moto wake mdomoni.

Lile kopo lako, kama lilinukia embe kweli na lilikuwa la manjano, lilikuwa zima. Tupia tarehe yake hapa tuione.