Goti la bandia na gego la kung'olewa

SWALI: Assalamu alaikum, daktari. Nilibadilishwa goti kule Dar es Salaam, sasa nipo kwangu Wete na sokoni naenda bila mkongojo. Gego la chini limeoza, lataka kung'olewa. Mkwe wangu kanipa amoksilini zilizobaki za mumewe, ati nimeze kabla, vijidudu visishukie gotini. Nimeze?

JIBU: Waalaikumu salaam, bibi yangu. Usimeze. Mabaki ya dawa ya mtu mwingine si tiba, hata yakitoka kwa mkwe mwema.

Amoksilini ni antibayotiki, dawa ya kuua bakteria, na zamani madaktari wengi waliwaandikia wenye viungo vya bandia dawa hizo kabla ya kutibiwa meno, kama ada. Mwaka 2015 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilieleza kuwa, kwa kawaida, mwenye kiungo cha bandia hahitaji antibayotiki kabla ya kutibiwa meno. Bakteria wa kinywani huingia damuni hata ukipiga mswaki, na dawa hizo zina madhara yake: mzio, kuhara, na bakteria kuwa sugu, dawa isiwaue tena.

Anayetazamwa kando ni aliyewahi kupata maambukizi kwenye kiungo hicho, au mwenye kinga dhaifu, au sukari isiyotulia. Hukunambia habari ya sukari! Kama unayo, mpigie kwanza aliyekupasua goti, yeye ndiye aamue. (Vali ya moyo ya bandia ni kesi nyingine, huyo hupewa.)

Gego lenyewe usilicheleweshe. Usaha ukikaa kinywani ndio wa kuogopwa zaidi. Na mtajie daktari wa meno hilo goti kabla hajakudunga ganzi.