Msomi, hakimu hakuja kusikiliza mawaidha

Wiki hii nilikuwa benchi la nyuma nikisubiri shauri langu liitwe, nikamsikia wakili kijana akimsomea hakimu aya ya Kurani katika shauri la talaka. Tajwidi haina kasoro. Hakimu akamwacha amalize, kisha akauliza, "Cheti cha Baraza la Usuluhishi la Ndoa kiko wapi, msomi?" Kimya. Wadogo zangu mnaoanza uwakili huku Tanzania Bara, nawapenda, lakini kwa hili la kupeleka mawaidha mahakamani badala ya sheria mnanichosha.

1. Ibara ya 3 ya Katiba inasema nchi haifuati dini; ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Basi usimwombe hakimu aamue nani kaielewa dini vizuri. Mwombe atumie sheria ya Bunge, na ya msikitini au kanisani yalete kama ushahidi wa jambo lililotokea.

2. Talaka. Hapa ndipo nilipoungua mwenyewe. Mama mmoja alinijia na karatasi ya talaka iliyoandikwa kwa mkono, ina muhuri, mashahidi wamesaini, eda imekwisha. Alichotaka ni fungu lake kwenye nyumba. Nikaona kazi nyepesi, nikafungua madai ya mgawanyo wa mali moja kwa moja. Mawakili wa mume wakaleta pingamizi la awali la ukurasa mmoja: ndoa bado ipo. Na kweli ilikuwepo, maana chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 karatasi ya shehe peke yake haivunji ndoa mpaka mahakama itoe amri, na mgawanyo wa kifungu cha 114 hufuata amri hiyo. Mimi nikasimama kuhutubia juu ya talaka tatu! Shauri likaondolewa. Kwenye korido mama akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo mwanangu, mimi bado ni mke wa yule?" Ningetukanwa ingekuwa nafuu. Kwa shehe wake si mke, kwa sheria ni mke, na mimi ndiye niliyelipwa kumweleza hivyo mapema.

Njia ilikuwepo. Kifungu cha 101 kinakutaka uanzie Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa humo. Kisha 107(3): wanandoa wamefunga ndoa ya Kiislamu, Baraza limethibitisha kwa cheti kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja wao akafanya jambo ambalo Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itatoa talaka. Soma tena hayo maneno "baada ya hapo": jambo hilo lije baada ya cheti, si kabla. Na cheti kisiwe kimepita miezi sita unapofungua shauri. Ya Zanzibar, wenye Mahakama ya Kadhi yao, yana utaratibu wake.

3. Kesi ya Bi Hawa ya 1983, mke aliyedai fungu la mali baada ya talaka, mnainukuu wote, wengi hamjaimaliza. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu. Imalizeni kabla hamjamwahidi mteja nyumba.

4. Mirathi: ukitafuta sheria ipi itumike, usikimbilie jina la ubatizo. Tangu shauri la Innocent Mbilinyi la 1969 mahakama inatazama marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Niliwahi kuona ndugu wawili wakivutana, mmoja ameshika cheti cha ubatizo, mwingine anasimulia matambiko ambayo marehemu hakukosa hata moja. Hakimu alitumia muda mwingi kwa yule wa matambiko: ndoa ilifungwaje, mahari ilikwenda kwa nani, alizikwa na nani. Kwa hiyo mhoji mteja hayo kabla ya kuchagua mahakama, kwani Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka pale tu sheria ya mila au ya Kiislamu inapotumika.

5. Mgogoro wa uongozi wa kanisa au msikiti: soma katiba yao, maliza ngazi za ndani, halafu ushitaki Bodi ya Wadhamini kwa jina lile lile lililosajiliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini, neno kwa neno. "Waumini wa msikiti fulani" si jina la mdaiwa.