Kuchapa saketi za mikrowevu kwa skrini (wavu unaopitishiwa wino): maswali na majibu

Laini zangu za GHz 2.4, zilizochapwa kwa wino wa fedha wa polima juu ya plastiki, zinapoteza nguvu kuliko programu ilivyokadiria. Niongeze tabaka?

Pima kwanza. Huenda programu imechukulia fedha safi, ilhali wino wa polima ni chembe za fedha ndani ya gundi. Chapa ukanda wa upana wa mm 0.5 na urefu wa mm 50, yaani miraba 100 iliyofuatana. Pitisha mA 100 kwa jozi moja ya nyaya, usome volteji kwa jozi nyingine. Nyaya mbili tu za mita ya kawaida zitaingiza ukinzani wake kwenye hesabu. Ukisoma mV 150, ni ohmu 1.5 kwa miraba 100, yaani miliohmu 15 kwa mraba. Kwa tabaka la maikroni 25, ukinzani huo ni kama mara 23 ya fedha safi.

Katika fedha safi mkondo wa GHz 2.4 huzama maikroni 1.3 hivi, katika wino huo hufika 6. Unahitaji kama mara tatu ya kina hicho, maikroni 18 au 20. Tabaka likiwa la maikroni 8, chapa tena. Ukiwa nazo 25 tayari, tabaka jingine ni kumwaga wino bure: tatizo liko kwenye ukaushaji, au kwenye plastiki yenyewe. Oveni ya 120 hadi 130°C kwa dakika 15 au 20 hushusha ukinzani kuliko hewa ya moto ya haraka, ila ioke plastiki kabla ya kuchapa, isije ikasinyaa baadaye na kuvuruga vipimo. Wala usidanganywe na mng'ao wa juu. Mkondo mwingi hupita upande wa chini, unaotazama bamba la ardhi (metali iliyo chini ya plastiki), na kwenye kingo.

Kichujio changu cha laini sambamba juu ya alumina (kibao cha kauri) kina bendi pana ya masafa yanayopita kuliko nilivyobuni. Nafasi kati ya laini ni maikroni 150.

Ulibuni 150, lakini hukuchapa 150. Iangalie kwa darubini. Wino ukitambaa maikroni 20 kila ukingo, nafasi inabaki 110, laini zinashikana zaidi na bendi inapanuka. Laini ya ohmu 50 kwenye alumina ya mm 0.635 ina upana wa mm 0.6 hivi, na mtambao uleule huishusha ohmu moja na nusu tu. Kwa hiyo nafasi ndiyo ya kulinda.

Rudisha kila ukingo ndani kwenye filamu (mchoro wa kutengenezea skrini) kwa kiasi ulichopima, si cha kukisia. Kisha tafuta chanzo: raba ya kusukumia wino iliyo nyororo mno, mkandamizo mkubwa, skrini inayochelewa kuachia kibao, au wino uliojikusanya chini ya wavu. Elekeza nafasi nyembamba sambamba na mwendo wa raba. Kingo zikiwa na meno kama msumeno, wavu umekaa sambamba na laini. Uwambwe upya kwa pembe ya digrii 22.5 au 45.

Mipangilio ipi ya kuanzia kwa wino wa kuchomwa tanuruni juu ya alumina?

Wavu wa chuma cha pua wa nyuzi 325 kwa inchi, emulsheni (utando unaoziba wavu pasipochapwa) maikroni 12 hadi 15, pengo la mm 0.5 hadi 1 kati ya skrini na kibao, raba ya ugumu wa Shore 70 hivi. Acha chapa itulie dakika 5 hadi 10 ili alama za wavu zizame, kausha 150°C kwa dakika 10 hadi 15, kisha tanuru: kilele cha 850°C kwa dakika 10, mzunguko mzima kama saa moja. Tanuru lisilo na hewa ya kutosha huacha mabaki ya gundi, na tabaka hutoka na malengelenge. Usibane matumizi kwenye skrini. Ndiyo inayoamua kingo.

Nikilehemu, fedha inatoweka.

Bati lililoyeyuka huila fedha. Tumia risasi ya kulehemu yenye asilimia 2 ya fedha, na usikawize joto. Wino wa polima usiulehemu kabisa; tumia gundi inayopitisha umeme.