Umeiona 306 GTI-6 inauzwa? Usitoe hela bado, soma kwanza yaliyonikuta

Juzi usiku niko mapumziko kazini, saa tisa hivi, nafungua simu nakuta meseji ya kijana mmoja yuko Leicester. "Shikamoo kaka, nimepata Peugeot 306 GTI-6 ya 1999, nyekundu, jamaa anataka pauni 3,200, anasema mkanda wa taimingi umebadilishwa, kesho naenda na keshi, unanishauri nini?" Nikamjibu neno moja tu, SUBIRI. Chakula changu kikapoa palepale mezani maana ile meseji ni mimi kabisa wa 2019, hata maneno ya muuzaji ni yaleyale.

Nilimwahidi nitamwandikia kwa kirefu, nikaona bora niandike hapa msome wote, najua mpo wengi. Tuko huku Uingereza tunabanana na shifti, bili na hela ya kutuma nyumbani, lakini kila mtu ana gari yake moja anayoiwaza tangu utoto, na sisi tunaopenda gari ndogo inayokimbia tunaishia kwa Mfaransa tu. Peugeot 205 GTI imeshapanda bei haishikiki. Renault Clio 182 nazo zinaondoka taratibu. 306 GTI-6 bado mtu wa mshahara wa kawaida akijibana anaipata, na ndiyo niliyonunua mimi.

Kwa nini Peugeot? Baba yangu alikuwa na 504 steshen Moshi, kwetu tuliita Pijo basi. Ile gari imebeba mahindi, imebeba wajawazito usiku wa manane, imebeba maharusi na majeneza. Baba hakuwa mwongeaji ila ukimgusia Safari Rally hanyamazi. Enzi hizo mashindano yalikuwa yanapita mpaka Tanzania na Uganda, na yeye akiwa mtoto wa shule alisimama pembeni ya barabara akaona Peugeot 404 inapita imejaa matope mpaka kwenye paa. Bert Shankland, aliyekuwa anaishi Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell walishinda 1966 na 404, wakarudia 1967, halafu 1968 Nick Nowicki na Paddy Cliff wakachukua tena na 404, mwaka ambao gari saba tu ndizo zilizofika mwisho. Baba alikuwa anayataja hayo majina kama wengine wanavyotaja wachezaji wa Simba na Yanga. Amefariki 2017, na mimi sikuweza kwenda kumzika kwa sababu ya makaratasi. Nalisema hili ili uelewe kwamba siku naenda kununua gari sikwenda na akili, nilikwenda na msiba.

Muuzaji wangu mimi alikuwa Mtanzania mwenzetu, tulikutana kwenye grupu la WhatsApp. Nikafika kwake, chai ya maziwa na maandazi mezani, tunaongea kumbe mama yake ni wa Marangu, hapohapo nikawa mdogo wake. Nikauliza mkanda wa taimingi, ule wa injini unaofanya pistoni na valvu ziende kwa zamu zisigongane, akasema umebadilishwa mwaka jana, risiti ziko kwa mwanawe, atanitumia. Nikatoka nje nikaizunguka gari mara moja. Niliyaona matairi ya nyuma yameinama, juu yameingia ndani chini yametoka nje, nikadhani ndivyo gari za mbio zinavyokaa, nikaipenda zaidi. Nikalipa pauni 2,400 keshi, tukapeana mikono, nikaondoka.

Na nisiwadanganye, zile wiki tatu za mwanzo nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nifike nchi hii. Injini ya lita mbili, valvu 16, nguvu za farasi 167, gia sita wakati ilipotoka 1996 wenzake wengi walikuwa na tano. Chini ya mizunguko 4,000 ni gari ya kwenda dukani, ikipita hapo inaamka na haikai chini mpaka 6,500. Usukani unakuambia kila kitu kilichoko barabarani. Nilikuwa natoka shifti asubuhi naacha njia ya nyumbani nazunguka vijijini saa nzima, nafika nyumbani mama Neema keshaenda kazini.

Wiki ya nne tuko barabara kuu ya M4 mimi na mama Neema tunatoka Swindon. Nikasikia mlio kama ndege analia, taa ya betri ikawaka, usukani ukawa mzito ghafla, na kabla sijamaliza kusema "hii nini" injini ikagonga chuma kwa chuma ikazima. Malori yanapita ubavuni gari inatikisika, mama Neema ameshika mkono wangu haongei. Tulisubiri gari ya brekdauni kwa muda wa saa mbili na nusu kwenye mvua, nyuma ya ile reli ya chuma ya pembeni ya barabara.

Fundi wangu, Mpolandi mmoja mtaratibu sana, ndiye aliyenifungua macho. Chini kabisa kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kuna puli ya mkanda wa nje, ule unaozungusha altaneta na pampu ya usukani. Hiyo puli siyo chuma kimoja, ni pete mbili na katikati kuna raba ya kunyonya mtikisiko. Raba ikizeeka inaachia, pete ya nje inaanza kuyumba, inautema mkanda wa nje, na mkanda ukitemwa unaweza kuingia ndani kwenye mkanda wa taimingi. Ndicho kilichotokea. Taimingi ikiruka kwenye hii injini pistoni zinakutana na valvu, hakuna kusalimika. Akanitolea mkanda wenyewe wa taimingi, umepasukapasuka, maandishi ya kiwandani yamefutika kabisa. "Huu haujaguswa miaka mingi," akaniambia. Valvu 11 zimepinda.

Nikampigia yule kaka. Siku ya kwanza, pole sana mdogo wangu. Siku ya pili hapokei. Siku ya tatu nimeblokiwa, na kwenye grupu akawaambia watu kwamba nimeua gari kwa kukimbiza. Kuna watu ninaowaheshimu walimwamini. Nilikaa karibu mwaka mzima siendi kwenye shughuli za watu, na mpaka leo nikimwona kifua kinabana.

Matengenezo ya silinda hedi, mkanda mpya, pampu ya maji na puli mpya pauni 1,350. Miezi ya kutafuta spea naiacha, haina la kusimulia. Ila nataka niseme la ekseli ya nyuma kwa sababu ndiyo ugonjwa wa Peugeot ndogo za kizazi hicho, 106, 205, 206, 306, na Citroën Saxo pia. Ekseli ya nyuma ni bomba, ndani kuna beringi za sindano ambazo mikono ya tairi inazungukia. Sili zikichoka maji yanaingia, beringi zinashika kutu, mkono unaanza kucheza na kula shafti yenyewe. Dalili ndiyo ile niliyoipenda mimi, matairi ya nyuma kuinama juu kwenda ndani. Nyingine ni mlio wa kitanda kibovu ukipita kwenye matuta. Ukiwahi unabadilisha beringi na sili. Ukichelewa ni ekseli nzima iliyofanyiwa ukarabati, mimi nilitoa pauni 620 pamoja na kufunga.

Na kinachoniuma kuliko yote ni kwamba nilikuwa na uwezo wa kuyajua haya nikiwa nimekaa kitandani kwangu, bure. Hapa Uingereza kila gari ina historia yake ya MOT, ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, kwenye tovuti ya serikali kuanzia 2005, unaandika namba ya gari tu. Maili za dashibodi zipo, ilifeli wapi ipo, mkaguzi alionya nini ipo. Nilikuja kuifungua baada ya msiba wa M4. Miaka mitatu mfululizo wakaguzi wameandika ekseli ya nyuma inacheza. Miaka mitatu! Na mimi nilikunywa chai nikala maandazi.

Kwa hiyo la kwanza, fungua historia ya MOT kabla hujapanda treni. La pili, risiti. Mkanda wa taimingi bila risiti haujabadilishwa. Muuzaji anaweza kuwa mchungaji, anaweza kuwa ustadhi, anaweza kuwa mjomba wako, bila karatasi yenye tarehe na maili haujabadilishwa, na bei ya kuubadilisha unaitoa kwenye bei ya gari. Na usiangalie maili peke yake, raba inazeeka hata gari ikilala uani. Ukibadilisha, badilisha na puli ya chini. La tatu chuchumaa nyuma ya gari, iwe kwenye sakafu iliyonyooka, uangalie matairi. Washa hita pia uikanyagie kapeti ya mbele, ukikuta unyevu na harufu ya utamu utamu ujue rediata ndogo ya hita inavuja, na kuifikia ni kung'oa dashibodi. La nne risiti. Najua nimeshasema.

Weka hela pembeni. Kama una 3,000 nunua gari ya 2,000. Nawaambia watu hawasikii, wanatoa zote siku moja, halafu gari inakaa miezi sita chini ya turubai.

Kuendesha nako kuna elimu yake. Hizi gari nyuma ni nyepesi, na ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inatoka. Mimi ilinitokea kwenye raundabauti yenye maji, nilizunguka mzima mzima nikasimama nimeangalia nilikotoka, na ni Mungu tu hakukuwa na gari nyuma yangu. Punguza mwendo kabla ya kona, ukishaingia mguu utulie, usiachie kwa woga. Na usinunue matairi ya bei chee kuweka nyuma.

Kwa wa London, angalia namba ya gari kwenye ULEZ, ile tozo ya gari zinazochafua hewa, kabla ya kulipa. Tangu Agosti 2023 imefika mitaa yote ya London, na langu nikienda kwa binamu yangu Ilford ni pauni 12.50 kwa siku. Bima uliza kampuni za gari za kizamani, mimi ilishuka karibu nusu.

Sasa kuhusu sisi kwa sisi. Ndugu zangu, ugenini tunauziana vitu kwa Kiswahili na Kiswahili kimekuwa ndiyo dhamana. Mtu akikuita mdogo wangu unaona aibu kulala chini kuangalia gari yake. Unaona aibu kuomba risiti nyumbani kwa mtu aliyekupa chai. Acheni hiyo aibu. Mkweli hachukii ukimwomba karatasi, atakuletea faili zima na kukuonyesha na kasoro usizoziona. Na wewe unayeuza, ukijua ekseli imekufa sema imekufa, punguza bei, mwenzio atanunua na atakusalimia miaka yote. Kuna mama yuko ndani ya ile gari, kuna mtoto. Mke wangu alisimama kwenye mvua pembeni ya M4 kwa sababu ya pauni mia chache za mtu aliyeniita ndugu.

Jumanne iliyopita gari yangu imepita MOT bila onyo hata moja, mara ya kwanza katika miaka yote iliyoandikwa kule. Mkaguzi alitoka nje na karatasi akaniuliza kama nauza. Nilikaa ndani ya gari dakika kumi kabla ya kuwasha, nikampigia mama Moshi nikamwambia Pijo imepita. Akaniuliza Pijo gani, nikamwambia ya baba. Akanyamaza, halafu akasema haya, endesha polepole.

Na wewe mdogo wangu wa Leicester, ile namba uliyonitumia nimeifungua. 2022 na 2023 ameandikiwa ekseli ya nyuma, mwaka uliofuata haijaandikwa, kwa hiyo ama ameitengeneza na risiti ipo ama mkaguzi hakuangalia. Usiende peke yako. Mwambie unakuja Jumamosi na kaka yako. Natoka shifti saa kumi na mbili asubuhi, kutoka Reading ni mwendo wa kama saa mbili, nakuja na tochi na jeki yangu. Na akikuomba hata pauni 50 ya kukushikia gari, usitume.