"Si Ni Haki Yangu Kusema?" Maswali Yenu Kuhusu Kifungu cha 33

Wiki hii meseji karibu zote zimerudi kwa kifungu cha 33 cha katiba yetu ya Kenya ya 2010, kile cha uhuru wa kujieleza. Nimejibu nilizoweza.

Niliandika Facebook kuwa MCA wetu (mwakilishi wa wadi) amekula pesa za basari, sasa anaambia watu nitalala ndani kwa kumharibia jina. Anaweza?

Kwa ile sheria ya zamani ya kumharibia mtu jina, hapana, na tafadhali waambie na wengine. Kitambo kulikuwa na kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, ukimkashifu mtu unaweza kufungwa, lakini Februari 2017 Mahakama Kuu ikakitupa nje kwenye kesi ya Jacqueline Okuta, na mwaka mmoja kabla ya hapo kesi ya Geoffrey Andare ilikuwa imeangusha kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kile kilichokuwa kinashikisha wanablogu ovyo. Polisi wakikubeba hata hivyo, kumbuka kifungu cha 49 cha katiba: uambiwe sababu, una haki ya kunyamaza, uongee na wakili, ufikishwe kortini ndani ya masaa 24 ama kama ni wikendi basi siku ya korti inayofuata.

Lakini usishangilie bado. Kesi ya madai iko palepale, ana miezi 12 ya kukushtaki akitaka fidia, na ukisema ni ukweli ni wewe utaambiwa uuthibitishe. Sasa hizo pesa za basari, uliona karatasi ama ulisikia tu pale steji ya boda? Kama hauna kitu mkononi, toa hiyo post leo.

Mimi niliforwadi tu, sikuandika. Niko salama?

Hapana. Ukisambaza kashfa nawe umeichapisha. Na kuanza na "kulingana na fununu" hakukuokoi.

Admin amenitoa kwa grupu ya WhatsApp ya ploti juu nilimkosoa. Si amevunja katiba?

Naelewa inauma, lakini sidhani uko na kesi. Wengi wameshika ile ya Marekani ati uhuru wa kusema unabana serikali tu, kwetu si hivo kabisa, kifungu cha 20 kinasema haki hizi zinafunga vyombo vya dola na watu wote. Ila kuwa na haki ya kusema si kuwa na haki ya kupewa ukumbi na mtu, na hao wengine pia wana uhuru wao wa kuchagua nani wakae naye.

Kwa kampeni mtu akisema maneno ya mafumbo kuhusu kabila fulani, si hiyo ni siasa tu?

Hapa sitaki kuzunguka. Kifungu cha 33 chenyewe kinataja vitu ambavyo hakivilindi kabisa, propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki, na sheria ya uwiano ya 2008 inaweka faini ya hadi milioni moja ama kifungo kisichozidi miaka mitatu ama vyote. Hiyo sheria ilitoka kwa damu, baada ya uchaguzi wa 2007 tulizika watu zaidi ya 1,100, na neno kama "madoadoa", la kuita watu wa kabila zingine wageni wa kufukuzwa, mtu wa Bonde la Ufa aliyechomewa nyumba halisikii kama fumbo. Kumtukana rais kuhusu ushuru ni kitu kingine kabisa, hiyo sema.

Bosi amenifuta kazi papo hapo kwa sababu ya status yangu.

Pengine maneno yako yalikuwa kosa kazini, pengine la, siwezi kujua bila kuyaona. Lakini kukufuta bila kukusikiliza ni shida yake, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka uelezwe kosa kwa lugha unayoelewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako ama mtu wa chama, na ujitetee. Piga skrinshoti ya ile status na ya meseji ya kufutwa, kisha nenda ofisi ya leba.